Tundu la Kofia

Kofia moja ina matundu mia nne na ushei,
na kila tundu ni nafasi ya Shumbana kutoroka.

Naingiza sindano, yuko: amechuchumaa kizingitini
anamsemesha sisimizi.
Naitoa sindano, hayuko.
Kimebaki kiatu kimoja,
na sisimizi, kama mimi, anazunguka hajui aende wapi.

Miaka minne hajatimiza.
Ameshafika Bopwe peke yake. Ameshafika Jadida.
Ameshapanda ngazi za majumba ya Mtemani
mpaka ghorofa ya mwisho, akagonga,
akakaribishwa, akala chapati ya watu,
akawauliza mbona nyinyi hamna kuku.

Simu zinanijia nikiwa na uzi mdomoni:
"Fundi, mwanao yuko huku kwenye mizani ya karafuu,
amekaa juu yake, hataki kushuka.
Kilo kumi na tatu na nusu, kavu kabisa."
"Fundi, mwanao yuko hitimani,
amelia na wafiwa, sasa anauliza nani kafa."
"Baba Shumbana, njoo. Huyu hajapotea.
Anasema aliyepotea ni wewe."

Nikamfunga njuga mguuni.
Siku mbili nyumba ikawa na mlio,
jikoni, uani, chini ya kitanda, nikashona kwa raha.
Siku ya tatu mlio ukatoka nje, nikaufuata
nyuma ya skuli, uchochoro kwa uchochoro,
nikiita kwa upole, kisha nikiita kwa hasira,
nikamkuta mbuzi wa Bi Mafunda
amevaa njuga,
ananitazama kama nimekuja kudai.

Sabiha yuko zamu ya usiku hospitali.
Akirudi alfajiri, kabla ya salamu,
kabla hajavua viatu, huniuliza neno moja:
"Yupo?"
Nimejifunza kutojibu kabla sijatazama.

Wajuzi hawakosekani. Mmoja kasema mchape.
Mwengine kasema atakua, ataacha.
Bi Mafunda, akimfungua mbuzi wake njuga,
kaniuliza taratibu:
"Kitovu chake mlikizika wapi?"

Nikasema uani. Nikasema chini ya mkomamanga.

Uani kwetu hakuna mkomamanga.
Kitovu kilipoanguka nilipewa mimi nikakizike,
masika yanamwaga, jembe sina,
nikakitia mfukoni nikaenda kuazima.
Nyumba ya kwanza jembe limevunjika mpini,
ya pili mwenyewe hayupo,
nilipolipata, nikatia mkono mfukoni
na vidole vikatokea upande wa pili.
Fundi wa nguo za watu!
Nilichimba shimo hivyo hivyo, nikafukia udongo mtupu,
nikarudi nikasema tayari.
Sijamwambia mtu. Sabiha hajui hadi leo.

Basi kipo mahali, Wete hii,
kati ya nyumba tatu na mvua.

Leo nimeweka kofia chini
nikamfuata bila kumwita.
Alipita kwa muuza mbatata, akapewa moja bila kuomba.
Akasimama mlangoni mwa msikiti akipanga viatu,
akivioza apendavyo: ndara kwa kiatu cha ngozi,
kikubwa kwa kidogo, na wenyewe wako kwenye sijida.
Akachungulia mtaro. Akaondoka.
Nami nikachungulia.
Macho yangu yalikuwa chini njia nzima,
tena sijui tangu lini.

Penye mtelemko wa Limbani akageuka,
hakushituka hata kidogo kuniona.
"Baba, nishikie," akasema,
akanitilia kijiwe mfukoni.
Kijiwe kikaanguka kwenye unyayo wangu.
Akakiokota, akakitia tena. Kikaanguka.
Akaingiza mkono wake mzima,
akauona unatokea huku, akacheka,
akavipungia vidole vyake mwenyewe.
"Baba! Mfuko wako una mlango."

Kanzu hii nimeifua mara ngapi,
nimeipiga pasi mara ngapi, sindano ziko kolani mwangu,
na tundu lile sijapata kulitia hata uzi mmoja.
Nikainama kulitazama.
Kulitazama tu, kidogo.

Shumbana?